Mshale Usiotulia

Nasimiyu alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa siku moja, ambao mtu akioga maji ya moto na kulala unamtoka. Huu wake ulikuwa umehamia kwake na virago vyake vyote. Aliamka nao, akaja nao kazini, akarudi nao jioni, na hata kanisani, padri akisema tusimame, yeye ndiye aliyesimama wa mwisho.

Alifanya kazi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa bwana Olinga, mwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati kinachotazama uwanja wa malori. Malori ya kwenda Kampala na Kigali yalisimama hapo kusubiri karatasi, na madereva waliingia wakifoka kana kwamba Nasimiyu ndiye aliyeuchora mpaka. Tangu bosi aliponunua kompyuta kuukuu kutoka Nairobi, mwaka wa tisini na saba, habari za kila mzigo zilikuwa lazima ziingizwe kwenye mashine hiyo kwanza. Na katika ofisi nzima aliyejua kuitumia alikuwa mmoja tu, Nasimiyu, ambaye alikuwa amesomea Busia, kwenye chuo cha chumba kimoja cha mama aitwaye Amoding.

Mwanzoni ilikuwa sifa. Watu walikuja kusimama nyuma yake wamtazame. Baadaye sifa ikageuka kamba ya mguuni. Malori hayajui Jumapili wala Krismasi, kwa hiyo na yeye hakutakiwa kuzijua. Kila alipoomba likizo bosi alimjibu kwa upole wake wa kuudhi: "Sasa ukienda, hii kitu itashikwa na nani? Na mimi?"

Na likizo yenyewe hakuitaka ya kulala. Alikuwa na binti, Nekesa, aliyelelewa na nyanya yake huko Khunyangu, kwa sababu chumba cha kupanga kando ya malori si mahali pa kulelea mtoto. Mara ya mwisho Nasimiyu alipopata Jumapili moja akakimbia nyumbani, mtoto alimwona mlangoni, akaingia ndani, akarudi akiburuta kiti. Akakipangusa kwa gauni lake. "Karibu, anti," akasema. Kisha akamkimbilia nyanya yake na kumwita mama. Nyanya akacheka, akasema watoto ni watoto. Nasimiyu naye akacheka, akakaa kwenye kile kiti cha wageni, akanywa chai, na jioni akarudi Malaba. Njia nzima alijikaza asilie, na akalia.

Alichotaka kilikuwa mwezi mmoja. Mwezi wa kumwogesha mtoto wake, kumsuka, kumgombeza na kumbembeleza, mpaka lile jina lirudi kwa mwenyewe.

Alipoomba tena, baada ya Pasaka, bosi alimshangaza.

"Mimi sijakukataza," Olinga alisema, akijipepea na gazeti. "Fundisha mzee Okwi. Siku ile ataingiza karatasi za lori moja peke yake, nikiona na macho yangu, hiyo siku chukua bag yako uende. Mwezi mzima."

Nasimiyu nusura apige magoti. Hakujiuliza kwa nini Okwi, na palikuwa na makarani vijana wanaozurura na mafaili mchana kutwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama bila kuuliza.

Mzee Okwi alikuwa mtu wa mihuri. Alianza kugonga mihuri wakati Nasimiyu hajazaliwa, kwanza kwenye stesheni ya reli, halafu kwenye kampuni moja hadi nyingine, hadi hapa kwa Olinga. Alikuwa Mteso mrefu, mpole, mwenye koti la suti lililong'aa viwiko. Akigonga muhuri, meza ilitikisika na kalamu zikaviringika chini. Madereva walimpenda kwa hilo. Walisema karatasi iliyogongwa na Okwi hata askari wa upande wa pili huiogopa.

Siku ya kwanza Nasimiyu alimkalisha mbele ya kompyuta na kumwonyesha kipanya, au mouse, kama wote walivyokiita pale. "Shika, mzee. Halafu peleka mshale kwa kile kisanduku."

Mzee Okwi akakishika. Akakiinua juu usawa wa sikio. Akakishusha mezani kwa kishindo, akakikandamiza kidogo, kisha akakiinua tena na kuchungulia chini yake.

"Imeingia?" akauliza.

"Hatupigi, mzee. Hii si stamp. Tunasukuma pole pole."

"Tunasukuma mpaka wapi?"

"Mpaka mshale ufike."

"Na nikifika mwisho wa meza kabla yake?"

Lilikuwa swali la haki. Nasimiyu akamweleza kwamba meza ikiisha, unakiinua kidogo, unakirudisha nyuma na kuendelea. Lilikuwa kosa. Mzee alisikia neno moja tu, kuinua, na mkono uliokwisha kuinua, baada ya maisha ya mihuri, ulijua kitu kimoja tu cha kufanya baadaye. Kwa wiki nzima ofisi ilisikia kishindo, halafu sauti ya mzee ikisema, "Pole, mwalimu. Nimesahau."

Vishindo vilipopungua, mshale ukaanza vituko vyake. Ulikwama. Ulikubali kwenda kushoto ukakataa kurudi kulia. Nasimiyu alipokipindua kipanya alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mke wa bosi alikuwa ameifumia kompyuta vitambaa vya uzi, kama vya makochi ya sebuleni: cha kichwani, cha kibodi, na kimoja cha maua ambacho kipanya kilitembezwa juu yake. Vipanya vya wakati huo vilikuwa na mpira tumboni, ukibingirika ndio mshale unatembea, na mpira huu ulikuwa umeokota nyuzi za mama huyo na vumbi la malori mpaka ukavimbiwa. Alifungua kifuniko, akautoa mpira na kuupangusa kwa spiriti, akavikwangua vigurudumu vidogo vya ndani kwa ukucha. Kitambaa akakikunja, akaweka jalada la faili mahali pake. Mke wa bosi alinuna, na Nasimiyu hakuwa na nguvu za kumbembeleza.

Mshale ukateleza vizuri. Kwa Nasimiyu. Kwa mzee Okwi ukaanza kuruka.

"Huo hapo, mwalimu. Sasa umeenda wapi? Macho yangu ni mazee."

Nasimiyu akaingia ndani ya mashine, mahali pa kubadilishia mishale, akachagua ule mkubwa kuliko yote. Dereva mmoja alipouona akauliza kama huo ni mshale au ni mkuki. Mzee akafurahi, akasema huu sasa ni mshale wa mwanamume. Lakini ukaendelea kuruka.

Halafu kulikuwa na farasi. Fundi aliyeileta kompyuta alikuwa ameondoa ile saa ya mchanga inayomwambia mtu asubiri, akaweka farasi mdogo anayekimbia pale pale alipo bila kufika. Bosi alimpenda sana farasi huyo na aliwaita wageni waje wamwone. Mzee Okwi hakumpenda. "Huyu anakimbia nini na mimi bado sijamaliza?" alisema. "Ananiharakisha. Nikimwona mkono unakuwa mbaya." Nasimiyu akamfukuza farasi na kuirudisha saa ya mchanga. Mkono haukuwa mzuri.

Akapunguza mwendo wa mshale. Akairuhusu mashine ingoje zaidi kati ya bonyezo la kwanza na la pili. Akasogeza meza, akabadilisha kiti. Kila kitu kilisaidia kidogo, na kidogo hakikutosha. Mzee alikuwa akiufikisha mshale karibu kabisa na kisanduku, kisha unayumba, unakipita, anaufuata, unampita tena, mpaka jasho linamtoka na anasema kwa aibu kwamba aende kwanza akagonge mihuri kidogo apumzike.

Alipotumwa Busia na bosi, Nasimiyu alikibeba kipanya kwenye mkoba na kumpelekea Amoding, mwalimu wake wa zamani. Amoding akakijaribu. Kilikuwa kizima. Lakini Nasimiyu akang'ang'ania abadilishiwe.

"Ukishika wewe, inaruka?" Amoding akamwuliza.

"Hapana."

"Akishika yeye?"

"Inaruka. Kwa hivyo iko na shida ndani."

Amoding alimtazama kwa muda, kisha akampa kipanya kingine na kumwambia asalimie mtoto. Mtu aliyechoka hupenda kosa liwe la chombo. Chombo hubadilishwa.

Kipanya kipya kikaruka vile vile.

Kilichobaki ni mkia. Mle ndani ya mashine palikuwa na kitu cha kuufanya mshale uache nyayo, mishale mingine midogo ikiufuata nyuma na kufifia, ili mtu asiupoteze. Nasimiyu alikiwasha asubuhi moja na kumwita mzee. "Sasa hautapotea. Utauona ulikotoka mpaka unakoenda."

Mzee Okwi akasukuma. Mishale ikafuatana kwenye kioo. Haikuchora mstari. Ilichora mawimbi, madogo madogo, ya kasi, kutoka pembe hadi pembe.

"Ngoja, mzee. Usisukume. Weka tu mkono juu yake, upumzike."

Akauweka. Wala hakusukuma. Kwenye kioo mishale ikacheza, kushoto kulia, kushoto kulia, ikijirundika mahali pamoja bila kuchoka. Nasimiyu alitazama kioo, kisha akashusha macho kwenye mkono wenyewe, mkono ambao alikuwa amekaa kando yake miezi yote hii. Kidole gumba kilikuwa kikisugua cha shahada, taratibu, kama mtu anayehesabu rozari. Haikuwa kazi ya uzee tu. Alijua, na alijua pia kwamba alikuwa amejua kitambo.

Mzee akauondoa mkono na kuuficha mfukoni mwa koti.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mzee. Tangu lini?"

"Ilianza na chai. Siku hizi nakunywa kikombe nusu. Nyumbani mama watoto ndiye anajua peke yake. Daktari wa hospitali ya Alupe alisema hii kitu haiponi, inapunguzwa tu." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Muhuri ndio haujanisaliti. Mkono ukikaa bure unacheza. Ukipewa kazi ya kupiga, unatulia. Mwalimu, usimwambie boss. Neno hili likisemwa mbele yake, mimi ni wa kwenda nyumbani."

Nasimiyu aliona hasira ikimpanda, na haikuwa ya haki, na hilo halikuizuia. Alimwona Nekesa, akauona mwezi wake ukienda. Angeweza kutembea hatua chache hadi kwa bosi na kusema mzee ni mgonjwa, nipe kijana. Karani yeyote kati ya wale angejua kazi hii haraka. Alilifikiria jambo hilo lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akiwa amekaa hapo hapo. Kisha akasema, "Sitamwambia," na alichoka zaidi baada ya kulisema.

Lakini maneno ya mzee yalibaki kichwani mwake: ukipewa kazi ya kupiga, unatulia. Siku iliyofuata aliingia tena ndani ya mashine, akaenda mahali ambapo hakuwahi kufika, penye mambo ya watu wenye ulemavu. Amoding aliwahi kupataja darasani akapapita haraka, akisema hayo si ya mtihani. Hapo mtu angeweza kuuendesha mshale bila kugusa kipanya kabisa, kwa zile namba za upande wa kulia wa kibodi. Nane juu, mbili chini, nne kushoto, sita kulia. Tano ndiyo ya kubonyeza.

Alikisukuma kipanya nyuma ya kompyuta. "Mzee, hii sasa unaweza kupiga."

Mzee Okwi akanyoosha kidole kimoja, akagonga sita. Mshale ukaenda kulia hatua moja, ukasimama kama askari. Akagonga tena. Akagonga nane. Mshale ule mkubwa ukapanda, haukuyumba, haukutetemeka. Akaufikisha kwenye kisanduku, akagonga tano kwa nguvu hata kibodi ikaruka, na kisanduku kikafunguka.

"Imeingia!" akasema, na Nasimiyu akaona macho yake yamejaa maji.

Walifanya mazoezi kila bosi alipotoka. Ilikuwa kazi ya taratibu, lakini mzee aliyepanga karatasi za mabehewa ya reli hakuogopa kazi ya taratibu. Herufi alizijua kutoka kwenye taipureta. Tatizo lilikuwa moja: mashine ikikaa kitambo bila kuguswa, zile namba zilisahau kazi yake, na ilibidi kuzikumbusha kwa kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Hilo lilimshinda mzee mara nyingi. Mwishowe akagundua kwamba akiviegemea viwili kwa mkono wa kushoto na kukigonga cha tatu kwa wa kulia, vinakubali.

Siku aliyomwita bosi, Nasimiyu alikuja na begi lake kabisa. Olinga akavuta kiti na kukaa, akapandisha mguu juu ya mguu, uso wake mtulivu kama wa mtu anayejua matokeo. Makarani wakasimama ukutani. Dereva Mganda ambaye karatasi zake ndizo zingeingizwa akaegemea mlango.

"Haya, mzee," Olinga akasema. "Tuone."

Mzee Okwi akaviegemea viwili, akakigonga cha tatu. Kisha akaanza. Sita, sita, nane, tano. Akaandika jina la mwenye mzigo. Mbili, mbili, tano. Akaandika namba ya lori. Mshale ulikwenda, ukasimama, ukaenda. Alikosea mahali pamoja, akarudi, akasahihisha. Alipofika mwisho akagonga tano kama anayegonga muhuri wa kuvusha treni nzima, na mashine ya kuchapia ikaanza kuvuta karatasi.

"Webale, mzee, asante!" dereva akapiga kelele, na makarani wakapiga makofi.

Olinga hakupiga. Alikuwa amesimama, na ule utulivu haukuwepo. "Hapana. Hapana, ngoja. Mouse iko wapi? Mbona hashiki mouse?"

"Haihitajiki, boss," Nasimiyu akasema. "Inafanya kazi na namba pia. Karatasi si hiyo imetoka?"

"Lakini huo mkono wake si—"

Akanyamaza. Alichelewa kidogo kunyamaza.

Nasimiyu alimtazama. Mambo yalijipanga kichwani mwake polepole, moja baada ya jingine. Kumbe. Vijana wote wale, na akachagua huyu. Akamfungia mlango na kumpa ufunguo aliojua haufungui, kisha akakaa kuwatazama wakihangaika, yeye na mzee, miezi yote hiyo, kipanya hiki, kipanya kile. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ulijua," akasema. Si kwa sauti kubwa. Hakuwa nayo.

Olinga akachukua gazeti lake, akalikunja, akalikunjua. "Mimi nina biashara ya kuendesha," akasema bila kumtazama mtu. "Na ukienda, hii kitu ikikwama?"

"Muulize mzee Okwi. Ndiye anajua sasa. Na ndiye peke yake."

Bosi akatazama mashine, akamtazama mzee, akawatazama mashahidi waliojaa ukutani na mlangoni. Aliona mwenyewe hesabu ilivyokaa. "Enda," akamwambia Nasimiyu. "Mwezi mmoja nilisema, ni mmoja." Akatoka nje kwenye vumbi, na makarani wakatawanyika mmoja mmoja.

Nasimiyu alibaki amesimama na begi mkononi. Alikuwa ameipata likizo yake na hakuweza kuifurahia. "Alikuwa anajua, mzee," akasema. "Tangu mwanzo. Alikuchagua kwa sababu alijua hutaweza, ndio mimi nisiende."

Mzee Okwi hakugeuka. Alikuwa akitazama kioo, mikono yote miwili imelala mapajani, wa kulia ukicheza mchezo wake.

"Na mimi nilijua kwamba anajua," akasema. "Wiki ya Pasaka nilimwaga chai mbele yake. Aliona. Hakusema kitu. Baada ya Pasaka akaniita, akaniambia mzee Okwi, utasomea computer. Nilienda nyumbani nikamwambia mama watoto, tushukuru Mungu. Huyu mtu ameniona na amenihurumia."